Uzi Uliotoka Mwekundu

Mpendwa Mama Zdravka,

Naomba ushauri wa safu yako kabla ya Ijumaa, maana nashindwa kumtazama binti yangu usoni. Mimi ni fundi mstaafu wa kutia rangi sufu hapa Sliven, na enzi zetu maji ya kiwanda yalimwagwa mtoni, mto ukapita mjini na rangi ya kazi ya siku hiyo, leo buluu, kesho kijani, na ilikuwa siku ya nyekundu nilipomkuta Stanka, marehemu mke wangu, amesimama majini anasuuza blanketi huku anacheka kwa sababu miguu yake imekuwa miekundu hadi vifundoni, na ee Mama, jinsi ninavyoikumbuka miguu ile!

Sasa binti yetu Ralitsa, mkemia wa kiwanda, ametengeneza punje za polima zenye vitundu vidogo sana, maji machafu yakipita humo rangi inakwama vitunduni na maji yanatoka safi, na wiki jana sisi mafundi wa zamani tuliitwa tuyapime kwa njia yetu, yaani uzi mweupe wa sufu unachemshwa katika maji hayo, ukitoka mweupe, yamefaulu. Nikaachwa peke yangu na sufuria, nikayaona maji yale safi, nikajua mto hautapita mwekundu tena, nikatia kijiko cha rangi. Uzi ukatoka mwekundu. Mwenzangu Genadi akamcheka Ralitsa: "Binti, sifongo zako hizo kaoshee vyombo!" Nyumbani Ralitsa akaniuliza, "Baba, nimekosea wapi?" Nikamwambia ale supu, inapoa. Ijumaa kiwanda kinaamua kama punje zake zitupwe. Nikikiri si atanichukia?

Metodi, Sliven

Mzee Metodi,

Pole kwa kuondokewa na Stanka. Mapenzi yenu yalikuwa ya kweli, sitayacheka. Ila ulichofanya ni uhuni, tena kwa umri wako ni aibu. Mtoto anahangaika kutafuta kosa lililo kwenye kijiko chako, nawe unamhimiza ale supu!

Nyinyi mliuona mto kutoka mjini. Mimi nilikulia kijiji cha chini, yalikokuja maji yenu. Nilikuwa na bata mweupe. Siku moja alirudi nyumbani akiwa wa buluu, nikafurahi kupita kiasi, nikamwonyesha kila jirani. Wiki haikuisha, akafa. Buluu ile naipenda hadi leo, kwa hiyo nakuelewa, na kwa hiyo nakukaripia.

Ukimaliza kusoma hapa, mwite Ralitsa umwambie: "Hukukosea, ni mimi." Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Kesho nenda naye kiwandani, mwambie Genadi na wenzake ukweli, mpime upya mbele ya wote, na wewe usiguse sufuria. Uzi utakaotoka mweupe ni wa Ralitsa. Ule mwekundu uchukue wewe, uufunge kwenye picha ya Stanka, na mto uuache upite.