Picha za Macho Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa kompyuta! Mimi! Miaka miwili nimesimama kwenye mashine ya kulaminisha vitambulisho, hadi ncha za vidole hazisikii moto tena — leo Bosi kaniita mbele ya wote. Eti nina mkono uliotulia, nakata picha ndogo bila kutetemeka, basi nijifunze picha za macho mawili. Ndivyo tunavyoziita hapa studio. Unaitengeneza kwenye kompyuta, unaichapa, kisha unavaa miwani ya karatasi — plastiki nyekundu jicho la kushoto, bluu la kulia — na kitu kinatoka kwenye karatasi kinakujia.

Kwa wenzangu kilitoka. Yule dada wa mapokezi alipiga kelele akakinga uso. Fundi wa kompyuta, tunamwita Kaka Nyaya kwa sababu hakosi waya shingoni, alicheka mpaka akakaa.

Mimi nilivaa nikaona karatasi. Karatasi yenye mfupa wa nyonga, kingo zake nyekundu na bluu kama imechapwa vibaya. Nikafumba, nikafumbua. Karatasi.

Bosi akauliza, umeona?

Nikasema, "Lo! Unanijia kabisa!" Nikarudisha kichwa nyuma kama wenzangu.

Mungu wangu, nilisema vile kwa nini?

Kazi yenyewe: mkunga mkufunzi wa chuo cha wakunga anataka picha kumi na mbili za mtoto akiwa tumboni, za kufundishia. Anakuja kuzikagua Ijumaa ya tarehe 14. Akizipokea, kiti cha kompyuta pale dirishani ni changu moja kwa moja. Akizikataa, Bosi anatafuta mwenye cheti na mimi narudi kwenye laminesheni. Kasema waziwazi, hakuficha. Na mimi cheti changu ni cha darasa la saba.

Jumanne, 4 Machi

Somo la kwanza. Kaka Nyaya anafundisha vizuri, hana dharau. Ndani ya programu kuna umbo la mifupa, unalizungusha kwa kipanya kama unavyogeuza chungu sokoni. Mbele yake unaweka kamera mbili. Moja ni jicho la kushoto, ya pili la kulia. Zisikaribiane sana, picha italala. Zisiachane sana, kichwa kitamuuma mtazamaji. Halafu unaiacha kompyuta "ipike" — ndiyo lugha yao — inapika picha mbili, unazilaza moja juu ya nyingine, moja nyekundu moja bluu.

Nimeelewa yote! Kamera, umbali, kupika. Mikono inaelewa haraka kuliko nilivyotegemea.

Kisha kaniambia, vaa miwani uone ulichopika. Nikavaa. Nikasema nzuri. 

Alhamisi, 6 Machi

Nimelijua tatizo. Nimeliuliza kwa mbali, kama naulizia mtu mwingine.

Kaka Nyaya anasema wapo watu ambao jicho moja lilikuwa na makengeza utotoni, likaja kunyooka lenyewe, lakini ubongo ulishazoea kulisusa. Kila jicho linaona. Ila hayafanyi kazi pamoja. Watu hao, anasema, hii kitu hawataiona hata uwalipe.

Akacheka. Nikacheka.

Shuleni waliniita Kengeza mpaka darasa la tano.

Jioni nimemwambia wifi, dada wa mume wangu, ndiye tunayeishi naye kaka yake akiwa safarini na lori. Kaniangalia wee, kisha kasema ndiyo maana mboga zangu zinaungua: "Jicho moja linapika, lingine limeenda kwa jirani kuomba chumvi!" Nilimrushia kanga. Lakini baadaye alinong'ona, usimwambie mtu pale kazini, wifi yangu. Usijikaange mwenyewe.

Nilikuja na miwani moja na ile picha ya nyonga ya Kaka Nyaya. Nikamvalisha Kipusa wangu. Ana miaka mitano, miwani ilimfunika nusu ya uso. Nilikuwa roho mkononi — je, kama amerithi macho yangu?

Akanyoosha mkono. Hakuugusa ukurasa! Alifinya hewa, kiganja kizima juu ya karatasi, akitafuta mfupa. Akasema, "Mama, mbona haushikiki?"

Nikambusu mpaka akanisukuma. Anaona. Mwanangu anaona.

Nimekaa nakitazama kile kimkono kikifinya mahali ambapo kwangu hapana kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata njia! Sijui kama ni ya halali lakini ni njia.

Nilikuwa nafua. Nikafumba jicho moja, nikafumbua, nikafumba la pili. Kibanio cha nguo kilichokuwa karibu nami kikaruka. Ukuta wa mbali haukuruka. Nikarudia. Cha karibu kinaruka sana, cha mbali kidogo.

Nikaacha povu kwenye beseni nikakimbilia ile picha. Nikaweka rula. Mahali mfupa uko karibu, wekundu na ubluu vimeachana milimita tano. Pa mbali, moja tu. Kumbe ukaribu unapimika! Wenzangu wanauona, mimi nitaupima.

Nimeandika jedwali nyuma ya daftari la Kipusa la kuchorea. Kichwa cha mtoto, nne. Mfupa wa mbele, tano. Uti wa mgongo wa mama, moja. Wifi kanikuta nguo bado zimelowa, anauliza nimeingiwa na nini. Nikamwambia, nimeingiwa na rula.

Jumatatu, 10 Machi

Mkunga mkufunzi alipita kutupa maelezo. Mama wa makamo, mfupi, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama. Anasema na wewe huku kakushika mkono. Aliniuliza nimezaa wangapi. Mmoja, mama. Mtoto alikuja ametazama wapi? Nikasema alikuja ametazama juu, nikaumwa mgongo siku mbili. Akamgeukia Bosi: "Huyu anajua ninachokitaka."

Nilivimba kichwa!

Alisisitiza jambo moja. Wanafunzi wake wanachanganya pande. Ukisema kisogo kiko kushoto, ni kushoto kwa mama anayejifungua, si kushoto kwako wewe uliyesimama mbele yake. Akagonga meza: "Kushoto ni kwa mama. Siku zote, kwa mama!"

Nimeiandika kwenye karatasi nimeibandika kwenye skrini. Nimefungua faili jipya, nimepanga kila kitu upya kwa jina lake sahihi — mtoto, mifupa, taa, kamera. Sitaki kosa hata la nukta.

Bosi amemkataza kila mtu, hata Kaka Nyaya, kunisaidia wala kuzitazama kwa miwani. Mwache, anasema, nataka nione akiwa peke yake.

Jumatano, 12 Machi

Tisa zimeiva. Rula yangu inakubali kila moja. Bosi alizipitia bila miwani, anasema inampasua kichwa. Akanipiga bega. Dada wa mapokezi ameanza kuniita Injinia. Namwambia koma, lakini nasikia utamu.

Halafu utamu unaisha. Kila anayepita na miwani mkononi, najifanya natafuta kitu chini ya meza. Leo Bosi aliuliza, ipi inakuja mbele zaidi, ya tatu au ya saba? Nikajibu ya saba, haraka, namba ninazo kichwani. Akatikisa kichwa kukubali. Alipoondoka nikalifungua jedwali chini ya meza, kuhakikisha.

Ninamdanganya mtu aliyeniamini. Nikilala nawaza hilo. Nikiamka pia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwisha.

Zote kumi na mbili zimechapwa mchana, zimetiwa kwenye jalada zuri la kijani. Nikaja na nakala moja nyumbani kumwonyesha Kipusa, kwa furaha tu, sikuwa na wasiwasi hata chembe. Mtoto tumboni, mgongo mbele, mviringo.

Akavaa miwani. Akakunja uso. "Mama, kitoto kimebonyea."

Kimebonyea vipi?

"Kama bakuli. Mgongo umeingia ndani." Kisha akajishika pua. "Na hili fupa kubwa limekuja hapa."

Fupa kubwa ni uti wa mgongo wa mama. Wa nyuma kabisa kuliko vyote! Nikamwita wifi, avae. Wifi hana simile, kasema, "Huyu mtoto amegeuzwa ndani nje kama soksi."

Nilikaa chini sakafuni. Nikatafuta, nikatafuta, na nilipoipata nilitaka kulia. Kushoto kwa mama! Kamera nayo niliipa jina kwa kushoto kwa mama. Lakini kamera inamtazama mama — kushoto kwake ni kulia kwangu. Jicho la kushoto nimelipa picha ya kulia. Zote kumi na mbili. Na rula yangu ilipima nyekundu na bluu zimepishana kiasi gani, haikupima ipi iko kushoto na ipi kulia. Tano ni tano, iwe imekuja au imekwenda.

Mwenye macho angeliona kosa hili kabla chai haijapoa.

Wanafunzi wa ukunga wajifunze kwamba mtoto ni shimo! Kipusa ameniuliza kwa nini nalia. Nimemwambia vitunguu. Akasema, Mama, hatujakata vitunguu.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika stoo, nimekalia maboksi ya karatasi, nyuma ya karatasi iliyoharibika. Nitaibandika daftarini baadaye. Bosi kaniambia nisubiri hapa. Mlango haufungi vizuri, nasikia.

Nilifika kabla ya mfagiaji. Dawa yake ni ndogo, unabadilisha tu nafasi za nyekundu na bluu kisha unachapa. Nilikuwa nimemaliza ya nane mkunga alipoingia. Mapema! Akaniamkua, akachukua jalada la kijani kabla sijafungua mdomo, akavaa miwani. Akageuza kurasa mbili. Akavua. Akaipangusa kwa kanga, akavaa tena.

"Bosi," akasema, "huyu mtoto yuko nje ya mama yake."

Nikasema nimeshasahihisha, hizi hapa mpya. Sauti yangu ilitoka ya mtoto. Bosi akaweka picha mbili mezani, ya jana na ya leo, akanipa miwani. "Vaa. Umweleze mama mbele yangu, ipi sahihi na kwa nini."

Nilijua jibu. Ningeweza kuvaa, kunyoosha kidole, nikapita. Mkunga alikuwa ameushika mkono wangu, kama kawaida yake.

Nikaweka miwani chini. Nikasema, "Bosi, mimi sizioni. Sijaziona hata siku moja."

Kaka Nyaya aliacha kutafuna. Nikaeleza — kengeza, rula, jedwali, Kipusa. Nilieleza ovyo, mwisho kwanza. Bosi hakupaza sauti, na hiyo ni mbaya zaidi. Akauliza tu, siku ile ya kwanza, ulirudisha kichwa nyuma kwa kitu gani?  Akanionyesha stoo.

Sasa wanasema. Mkunga anasema zile nane mpya ni nzuri kuliko alizowahi kuletewa, kichwa kimekaa kwenye nyonga vile vile anavyokikuta kwa vidole, na vidole havina macho. Bosi anasema, sawa mama, lakini kapika kumi na mbili za uongo na hakujua. Atakaguliwa na nani, mtoto wa miaka mitano? Kaka Nyaya kasema jambo, sikulipata. Bosi akamwambia wewe nyamaza, ulijua? Akasema hakujua.



Mkunga anasema kuna picha ya kumi na tatu. Hakuiomba, lakini anaitaka. Mtoto aliyetanguliza makalio. Niitengeneze sasa hivi, tangu mwanzo, na yeye mkunga atakaa pembeni yangu na miwani, atasema tu kama kinakuja au kinakwenda.

Bosi anasema, leo uko wewe, mama. Na kesho?

 Nasikia kiti kinaburutwa. Sijui ni cha kukaa au cha kuondoka.

Makalio ya mtoto — milimita nne. Miguu imekunjwa, milimita tatu na nusu. Kamera ya kushoto ni kushoto kwangu mimi, kwangu mimi ninayetazama. Naandika mkononi kwa kalamu nisi

Bosi ananiita. Kwa jina langu, si Injinia. Mlango unaf