Kidole cha Dada

Saa moja na dakika kumi asubuhi, kipimo cha sukari kilionyesha 5.2, safi kabisa. Shemeji akaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Ualimu mkuu haujamtoka hata baada ya kustaafu.

Shoga, kidole kilichochomwa kilikuwa cha dada yangu.

Cha dada. Mwenye kisukari ni mumewe.

Dada amenyoosha mkono mmoja, kwa mwingine anakoroga chai, hana habari. "Shemeji yako vidole vinamuuma," ananiambia. Nikauliza wameanza lini. "Huu mwezi wa tatu sasa."

Na Shemeji, bila haya: "Shemeji, umesoma, lakini ndoa huijui. Mume na mke ni mwili mmoja."

Mwili mmoja. Kwa daftari hilo daktari ameshampunguzia dawa mara mbili. Na kile kidonda cha mguuni, anachosingizia kiatu, wiki ya sita hii hakikauki.

Nikamwambia atoe kidole chake. Akasema anawahi kikao. Mstaafu, anawahi kikao.

Dada akamtazama mguu, kisha akaweka kijiko chini. "Baba Watoto, lete mkono."

Mtu aliyechapa watoto wa watu miaka thelathini alifumba macho na kuguna kwa kisindano kisichozidi unywele.

22.8.

Dada akarudia kwa kidole kingine. 23.1. Hakuna aliyetaja ndoa tena.

Saa mbili kasoro robo wametoka kwenda kliniki. Yeye anachechemea, Dada katangulia na hakumngoja.