Nimefumua Shali la Mama Mkwe, na Wifi Yuko Njiani

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada na usichelewe kunijibu, maana wifi yangu anafika Jumamosi ya wiki ijayo na mimi tangu Jumatatu chakula hakipiti kooni.

Nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Maramba, nimeolewa hapa Mabawa, Tanga mjini. Mume wangu nitamwita Innocent na wifi nitamwita Leticia, si majina yao. Tunakaa na mama mkwe, mwanamke aliyefuma tangu usichana wake, vitambaa vya makochi vya nusu ya mtaa huu ni kazi yake, lakini mwezi wa tatu kiharusi kilimpiga upande wa kulia na sasa mkono umelala mapajani na maneno yanatoka moja moja. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha na hatujawahi kukosana.

Kwa kukaa naye mchana kutwa nikaona nijifunze kroshia, nikaenda Ngamiani kwa Sakinabai anayeuza nyuzi, akanionyesha kushika sindano na kufuma mnyororo wa kwanza, nikanunua donge moja likaisha kwa siku tatu, ndipo nikafungua kikapu cha mama kilicho juu ya kabati nikakuta kitu cha rangi ya kiini cha yai, kipana, hakijafungwa mwisho, kitanzi kinaning'inia, nikadhani ni cha kujaribia, nikavuta. Mshauri, nisikufiche, kuvuta kulikuwa kutamu, safu inakwenda, nyingine inakwenda, mpaka mtu akapiga hodi nikaacha, kimebaki kipande cha vidole vinne nikakirudisha kikapuni. Uzi nikaufumia koti la chupa ya chai. Innocent alicheka, akasema, "Chupa inavaa sweta, Tanga hii? Basi na jiko lifumie soksi!" Likakaa mezani wiki mbili.

Jumatatu Leticia akapiga simu kutoka Lushoto. Ana mimba ya kwanza, anakuja kujifungulia kwa mama yake kama desturi, na simu niliiweka kwa sauti kubwa ili mama asikie. Akasema, "Wifi, lile shali la njano la mama lipo? Nitalichukua hivyo hivyo, kutoisha si neno. Huku baridi inauma, nataka mwanangu arudi amevikwa mkono wa bibi yake, maana mama hatafuma tena." Mama akanitazama. Mimi nikasema, "Lipo wifi, lipo."

Siku ile ile nikaivua chupa koti, nafuma upya, lakini kila nikianza shali linakuwa pana na kadiri ninavyokwenda linakuwa jembamba. Nikampelekea Sakinabai, akalinyanyua dukani mbele za watu, "Binti, hili shali au sambusa?" Nikamwomba anifumie yeye, akakataa, "Mkono wa yule mama naujua, anabana. Mtoto wake ataujua zaidi." Jana nikiwa barazani na mama akanyoosha mkono wa kushoto akagonga ukingo wa kazi yangu mara mbili, akasema, "Hapa." Nikaficha kila kitu kwenye kanga nikakimbilia jikoni kulia. Sasa nifanye nini, niseme panya wamelila, ninunue jingine dukani, au niende kwetu Maramba mpaka Leticia ajifungue?

Mimi wa chupa ya chai, Mabawa

*

Wa chupa ya chai,

Maramba huendi. Nani atamwogesha mama?

Panya naye mwache. Panya hakati shali akabakiza vidole vinne vilivyonyooka. Na la dukani umekwisha kuambiwa na Sakinabai, ambaye hakukuonea: mkono wa mfumaji unajulikana kama sauti yake.

Nakuhurumia. Unamtunza mgonjwa vizuri na ulitaka kujifunza kazi njema. Lakini ulifungua kikapu cha mtu aliye hai, aliyeketi chumba cha pili, bila kumuuliza. Mtu asiyeweza kusema haraka si mtu aliyeondoka. Hilo ulilifanya kwa kutojua. "Lipo wifi, lipo" ulilisema ukijua, na ndilo linalokunyima chakula.

Sasa isome barua yako kama nilivyoisoma mimi. Koti la njano lilikaa mezani wiki mbili, na mama mkwe wako alikunywa chai ya chupa ile kila siku. Kiharusi kilimpiga mkono, hakikumpiga macho. Mwanamke aliyefuma maisha yake yote, uzi wake hautambui? Aliutambua siku ya kwanza, akanywa chai. Simu ilipopigwa alikuwepo, na hakukuumbua.

Kilichomo moyoni mwake sikijui, sijamhoji. Ila kabla ya kukujibu nilimtafuta mfumaji mzoefu nikamsomea habari ya sambusa. Hakufikiri hata kidogo. Alisema anayeanza huruka kitanzi cha mwisho wa safu kwa sababu kimejificha ukingoni, na kila safu hupungua kimoja. Mama mkwe wako aligonga wapi? Umeandika mwenyewe: ukingoni. Wewe uliona hukumu. Mimi naona mwalimu aliyekimbiwa na mwanafunzi wake.

Ukimaliza kusoma hapa, fumua sambusa hiyo. Uzi uliofumuliwa una mawimbi, kwa hiyo ukunje, uloweke maji ya uvuguvugu, uuning'inize ukauke. Wakati unakauka, chukua kile kipande cha vidole vinne ukakae upande wa kushoto wa mama, ukiweke katika mkono wake mzima, useme: "Mama, nimefumua shali la mjukuu wako bila kukuuliza, kisha nikamdanganya Leticia. Nisamehe." Usiongeze "sikujua". Akinuna, mwache anune; chakula chake kiende kwa wakati ule ule.

Kisha mpigie Leticia, wewe mwenyewe, si Innocent, kabla hajapanda gari. Atapiga kelele. Ana haki. Usikate simu.

Uzi ukikauka, usianze mnyororo mpya. Rudisha sindano kwenye kile kipande cha mama, katika safu yake ya mwisho. Kila ukifika mwisho, mwonyeshe ukingo. Akigonga, umeruka kitanzi, rudi. Asipogonga, geuza. Mkono wa kufuma amepungukiwa, wa kuhesabu anao, na wewe una mikono miwili isiyojua kuhesabu.

Jumamosi halitakuwa limeisha. Usilikimbize. Leticia awakute barazani mnalifuma, akae, atazame. Vitanzi vya mama vimebana, vyako vitalegea, na mahali mkono mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanza pataonekana na kila mtu. Usipafiche. Mtoto wa Lushoto atapata joto pande zote mbili.

Na chupa ya chai iache uchi. Tanga hii haisikii baridi.