Dawa Anayoingoja Shangazi

Jumatatu, 3 Februari
Kimelegea! Kipande cha mshipa wa panya, chembamba kama pete ya mtoto mchanga, kilining'inia kwenye nyaya mbili ndani ya maji ya chumvi, kimekaza kama ngumi. Tukazima kimeng'enya, ile protini inayouamrisha msuli ukaze — kikaachia. Profesa wa maabara yetu akapiga makofi. Halafu, kama kawaida yake: turudie.

Jumatano, 5 Februari
Nimepita kwa shangazi aliyenilea. Anataka kujua kazi yangu ni nini hasa. Nikamwambia: kwenye misuli ya mishipa kuna vimeng'enya, vinapokezana amri — kaza, kaza! Kwa watu wa presha kama yeye, kuna kimoja hakinyamazi. Sisi tunatafuta cha kukinyamazisha.
"Kama marehemu mume wangu akitazama mpira!"
Tumecheka mpaka akajishika ubavu. Akauliza dawa itatoka lini. Nikasema bado sana. Sijui kama alisikia.

Jumamosi, 22 Februari
Jirani zake wananiita daktari. Kumbe shangazi ametangaza mtaa mzima! Nikaona haya. Nikafurahi pia.

Jumanne, 11 Machi
Shangazi ameanguka jikoni. Kiharusi. Mkono wa kulia hauna habari. Presha ilikuwa juu mno, wamesema hospitalini.

Jumatano, 12 Machi
Dada, binti yake, amekuta vidonge vya presha vya mwezi mzima kabatini. Havijaguswa. Alikuwa akimuuliza, mama anajibu: hivi vya zamani vinanikojoza tu, mwanangu wa maabara anatengeneza vyake.
"Alisema ulimwahidi," dada kaniambia. Bila ukali. Afadhali angenifokea.
Sikuahidi! Lakini ile furaha yangu siku waliponiita daktari...
Maabarani, mshipa umelegea tena. Profesa anachekelea. Nimejifungia chooni, nimelia.

Ijumaa, 14 Machi
Amefumbua macho. Nesi kaleta kidonge kilichosagwa, kwenye kijiko. Shangazi kafumba mdomo. Dada kabembeleza: meza, mama. Wapi! Mkono wake wa kushoto ukajiburuta juu ya shuka mpaka kwangu. Nesi akasema basi mpe wewe, labda atakubali. Nikashika kijiko. Shangazi akatabasamu, upande mmoja.
"Chako?" Neno lake la kwanza.
Nikasema nakuja. Nikatoka.
Naandika nimesimama koridoni. Dada amechungulia mlangoni — anasema mama ameshafungua mdomo, anakungoja wewe. Mwambie tu ndicho chako, jamani. Mwambie—