Kuchomwa kwa Daftari la Mahindi la Mwalimu Josaphat

Mwanachama uliyepokea nakala hii, nakusihi: neno hata moja lisitoke kwako. Usiisome kwa sauti, usimwonyeshe ndugu wala jirani. Nimelazimika kuandika kila kitu.

UMOJA WA WAAGIZAJI NAFAKA, BUNIA
Kikao cha Kamati, Alhamisi 24 Aprili 2003, saa nne asubuhi, depo (ghala) ya Mwenyekiti, Mudzipela.

Waliohudhuria: Papa Paluku, Mwenyekiti, muuza unga; Mama Adeline, muuza mahindi sokoni; Mwalimu Josaphat, mwalimu wa uchumi mstaafu, mshauri; na Katibu, mwandishi wa nakala hii.
Hakuwapo: Floribert, mwenye malori ya Mahagi-Port. Barabara imefungwa.

KUMB. NA. 1/4/2003: KUFUNGUA
Mwenyekiti alisali kwa ufupi, akaomba mlango ufungwe. Ulikuwa umefungwa tayari.

KUMB. NA. 2/4/2003: MAKADIRIO YALIYOKOSEA
Mama Adeline alikumbusha kwamba, kwa hesabu za Mwalimu, mahindi yangeisha Bunia kabla ya Pasaka. Pasaka imepita, mahindi yapo.

Mwalimu alieleza upya kielelezo chake, yaani hesabu ya kukadiria bei na akiba, aliyoianza daftarini mwaka 1987: bei ya nafaka katika masoko ya ng'ambo, kama inavyosomwa redioni, meli zinazofika Mombasa, mavuno ya Uganda, siku za lori na za mtumbwi, mwisho, bei ya kikombe cha kupimia sokoni Bunia. Alikiri kosa lake. Kielelezo bado kinapunguza kikombe kimoja katika kila ishirini kwa ajili ya matabishi, yaani nyongeza anayopewa mnunuzi bure, hivyo mahindi huonekana kwisha mapema.

Mama Adeline: "Weye Mwalimu! Nani anatoaka matabishi mwaka hii? Ata mama yangu mwenyewe siwezi kumuongezea!"

Wajumbe walicheka. Mwalimu alisema alijua tangu mwaka juzi kwamba matabishi yamekwisha, ila kila alipotaka kufuta safu hiyo mkono ulikataa.

KUMB. NA. 3/4/2003: DAFTARI KUTAKIWA
Mwenyekiti aliarifu kwamba kamanda mmoja wa wanamgambo ametuma mtu mara mbili kuulizia "kitabu ya chakula". Jumamosi atakuja mwenyewe.

Mama Adeline alipendekeza lichomwe leo. "Ile kitabu inaonyesha lori inapita wapi, siku gani, inashusha kwa nani. Batatungojea kwa njia. Batamuua Floribert kwanza, kisha siye."

Mwalimu: "Munataka kuchoma miaka yangu kumi na sita juu ya kamanda moja?"

Mwenyekiti alimwambia kwa upole kwamba hakuna aliyesahau faida ya daftari hilo. Kwa faida hiyo yeye mwenyewe alijenga depo hii. Mwalimu aliomba asome ukurasa mmoja kwanza. Akaruhusiwa.

Alisoma Julai 1989: ngano imepanda ng'ambo, mkate wa Bunia utapungua baada ya siku arobaini, lori kutoka Mombasa, siku kumi na mbili, wachimbaji wa Mongbwalu wamenunua unga wote, matabishi, vikombe viwili.

Mama Adeline alisahihisha: siku kumi na moja. Anakumbuka kwa sababu dereva alilala kwao, akacheza kwenye arusi ya dada yake mpaka kiatu kikapasuka. Mwenyekiti alisema mkate ulipungua kweli, siku ya arobaini na moja. Mwalimu alichukua kalamu akasahihisha kumi na mbili kuwa kumi na moja. Hakuna aliyemzuia.

KUMB. NA. 4/4/2003: UAMUZI
Kura mbili ziliunga mkono kuchoma, moja ilipinga. Katibu hana kura. Mwalimu alilitia daftari kwenye moto wa jiko kwa mkono wake.

Mwenyekiti aliuliza sasa bei itakadiriwaje. Mwalimu alisema, akimwonyesha Katibu: "Huyu mutoto wa biro amekokotoa hesabu zote tangu Novemba. Kielelezo yote iko mu kichwa yake."

Katibu aliomba sentensi hiyo isiandikwe. Mwenyekiti alikataa: wanachama wasiokuwapo lazima wajue wamuulize nani.

Kikao kiliahirishwa saa sita kasoro robo, wajumbe wakatoka mmoja mmoja.

Mwenyekiti: (sahihi) Paluku
Katibu: (sahihi bila jina)

Kunipata: kuanzia leo silali kwetu. Nenda kwa Mama Adeline sokoni, ulizia sindano ya kushonea magunia. Akikujibu kwamba zimekwisha, rudi nyumbani. Akikupa, mfuate mtu atakayekuonyesha. Njoo peke yako, mchana. Usiniite jina. Uliza bei moja tu, uiweke kichwani, na usije na karatasi.