Walinificha Msiba Mpaka Mechi Iishe

Mama,

Barua zangu zote kutoka Nairobi zilianza kwa kukuuliza hali. Mdogo wangu Debora alikuwa anakusomea, kisha unamwambia aniandikie kwamba wewe hujambo ila mgongo. Hii siwezi kuianza hivyo. Nimekaa kwenye kigoda chako, mlangoni pa nyumba yako hapa Nduguti, nina kalamu ya Debora mkononi, na nina hasira. Mchungaji amenishauri nisiandike kitu mpaka moyo utulie. Nikiusubiri utulie sitaandika kamwe.

Umeondoka bila kujua kwa nini mwanao hakuonekana kwenye maziko yako. Nataka ujue. Sitaki mtu mwingine akusimulie kwa niaba yangu, maana huku kila mtu anasimulia anavyotaka.

Wewe mpira hukuupenda wala hukuuchukia. Ulikuwa unatuona tukiupiga pale misheni, pekupeku, vumbi mpaka kwenye nyusi, na ulichouliza ni kama ng'ombe wamekunywa maji. Siku yule mtu wa kiwanda cha sabuni aliponiona Singida mjini nikichezea timu ya wilaya, akasema nikichezea timu ya kiwanda chao Nairobi nitapewa kazi na chumba, baba mdogo alisema ni uongo, hakuna mtu mzima anayelishwa kwa kupiga mpira. Wewe uliuliza jambo moja tu: "Kazi yako humo ni nini hasa?" Nikakwambia mimi ni beki, nazuia. "Unazuia nini?" Nazuia watu wa upande wa pili wasifike golini kwetu. Ulicheka mpaka ukajifuta macho kwa kanga. "Yaani mtu anasafiri mpaka Kenya kwenda kuwaambia wenzake msipite hapa!"

Lakini uliniruhusu. Na nilipokuja likizo na kifundo cha mguu kimevimba kama kibuyu, ulinikanda kwa maji ya chumvi na mafuta ya nyonyo, ukawa unahoji kama hakimu. Nani alikupiga? Refa alikuwa wapi? Na wewe ulimfanya nini? Nikakwambia sikumfanya kitu, nilimnyang'anya mpira tu. Ukaukaza mkono kwenye kifundo mpaka nikapiga kelele. "Basi ulitakiwa umnyang'anye kabla hajakupiga." Mama, makocha wote walionifundisha, hakuna aliyewahi kusema jambo la maana kuliko hilo. Niliwaambia wenzangu Nairobi, wakawa wanakuita Kocha wa Singida.

Kwa hiyo walikujua, Mama. Walikujua kwa jina. Ndiyo maana siwezi kuwaelewa.

Siku ya fainali niliamka mapema. Tulikuwa tunacheza na timu kutoka Kampala, na mji mzima ulikuwa unaizungumza mechi hiyo. Kiwandani kazi yangu ya karatasini ilikuwa kupanga masanduku ya sabuni stoo, lakini wiki ile hakuna aliyetaka niinue sanduku. Nilikaa, nikala, nikakanda miguu. Sikujua kwamba asubuhi ile ile Mjomba Kitundu, kaka yako wa tumbo moja, alikuwa amefika kwenye geti la kiwanda na blanketi lake begani. Amepanda lori mpaka Katesh, lori jingine mpaka Babati, basi mpaka Arusha, basi tena mpaka Nairobi, mzee ambaye hajawahi kuvuka Singida mjini. Alikuwa amebeba neno moja la kuniambia.

Mlinzi alimpeleka kwa meneja. Meneja akamsikiliza. Akaagiza chai ya maziwa na mkate wa siagi. Akamwambia asubiri.

Nilipokwenda kula mchana, Okelo alichukua nyama yake akaiweka kwenye sahani yangu. Okelo ni beki wa kushoto, mimi wa kulia, tumesimama pamoja tangu nilipofika, na hajawahi kumgawia mtu nyama. Nikamwambia, leo unaumwa? Akasema, kula tu ndugu yangu. Golikipa wetu, ambaye hunitania kila siku kwamba Wanyiramba tunachezea mpira kama tunafukuza ndege wa mtama, siku ile alinisalimia kwa mikono miwili. Nilidhani ni woga wa fainali. Wote walikuwa wanajua, Mama. Wote waliokuwa mezani. Kulikuwa na mtu mmoja tu pale asiyejua kwamba mama yake amekufa.

Sasa nitakwambia kitu kinachonichoma kuliko vyote. Sijawahi kucheza kama nilivyocheza siku ile. Yule fowadi wa Kampala, mtu mrefu, mwenye mbio, hakunipita. Kipindi cha pili mpira ulimpita golikipa ukawa unaingia wavuni, nikauwahi pale pale kwenye mstari, nikautoa kwa kichwa, nikaangukia mlingoti. Watu walisimama wote, Waafrika upande wetu, Wahindi, mpaka Wazungu waliokuwa kivulini na miwani yao. Tukashinda bao moja kwa bila. Walinibeba mabegani. Waliponishusha nikacheza ngoma ya kwetu, katikati ya uwanja, na daluga miguuni, huku watu wasiojua hata Nduguti iko wapi wakinipigia makofi.

Nilikuwa nacheza ngoma, na wewe uko chini ya udongo.

Kisha nikamwona Mjomba. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, karibu na meneja, blanketi begani, anatazama chini. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri amekuja kuniona nikicheza. Nilifikiri ni wewe umemtuma. Nilikimbia uwanja mzima nikipiga kelele, "Mjomba! Mjomba! Umeona?" Sikumwamkia hata shikamoo. Nikamkumbatia nikamnyanyua juu, mzee wa watu, nikazunguka naye, watu wakacheka. Nikasikia shingoni kwangu pana maji. Nikamshusha.

Akasema, "Dada hayupo, mwanangu. Tumeshamzika."

Watu walikuwa bado wanacheka.

Nikamuuliza amefika lini. Akasema asubuhi. Nikamgeukia meneja. Alikuwa na sigara, amevaa kofia, uso wake mwema kabisa, na akaniambia kwa kile Kiswahili chao Wazungu, "Mimi nasikitika sana. Lakini mama nakwisha zikwa. Kama mimi sema asubuhi, wewe tafanya nini? Hapana saidia yeye." Akanipiga piga begani. "Leo wewe nacheza kama simba."

Ningefanya nini. Nimelizungusha swali hilo kichwani tangu siku ile, na jibu ninalo, nalisema sasa. Ningekaa chini. Basi. Ningekaa chini nikalia, mtu angeniletea maji, na Mjomba angenisimulia jinsi ulivyoondoka. Pengine ningesafiri mchana ule ule. Pengine, nani ajuaye, ningesema nacheza, nacheza kwa ajili ya Mama, na ningecheza hivyo hivyo. Lakini ningechagua mimi. Msiba ulikuwa wangu. Yeye aliuchukua akauweka mfukoni mwake, akaangalia saa, akanipa alipokwisha kunitumia.

Nilivua jezi nikaitupa miguuni pake. Walikuwa wanaita watu wapange mstari wapigwe picha na kombe, nahodha akaniita kwa jina. Nikamshika Mjomba mkono tukatoka, mimi kifua wazi, yeye na blanketi lake. Okelo akatukimbilia mpaka nje. "Nilitaka kukwambia," akasema. "Meneja alisema atakayefungua mdomo atatolewa kazini na kwenye nyumba leo hii. Nina watoto, ndugu yangu." Nikamwambia, "Na mimi nilikuwa na mama." Nikamwacha pale barabarani. Okelo najua nitamsamehe, na kujua hivyo kunanikera. Ningependa kubaki nimemkasirikia.

Mjomba tulisafiri naye bila maneno mpaka tukauona mlima Hanang. Nilikuwa namkasirikia kuliko hata meneja. Mzungu yule hakukujua, lakini huyu mlinyonya ziwa moja. Lori liliposimama kuongeza maji kwenye injini nikashindwa. Nikamwambia, "Mjomba, ulikuwa na mdomo. Ulinywa chai yao ukakaa kimya."

Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, maisha yangu yote Mzungu akiniambia subiri, nasubiri. Bomani nasubiri. Hospitali nasubiri. Siku ya kodi nasubiri juani mpaka wamalize kula. Aliponiambia subiri, nikakaa. Sikujua kwamba kuna mtu anaweza kusema hapana." Kisha akaongeza kitu ambacho sitakisahau: "Na nilipokuona uwanjani, watu wote wale wanaita jina lako, nilifurahi. Dada yangu yuko kaburini, mimi nimekaa kwenye benchi la Wazungu, nafurahi. Usidhani nililala vizuri."

Tangu hapo hasira yangu kwa Mjomba imehama. Haijapungua, imehamia kwa wale waliomfundisha kusubiri.

Nimefika nyumbani matanga yameshaanuliwa. Watu wote wamenyoa, na nywele zao zimeanza kuota. Mimi peke yangu nina kichwa cha mtu asiyefiwa. Na unajua wananisalimiaje? "Pole, na hongera." Kwa pumzi moja, Mama! Habari za kombe zilitangulia redioni. Karani wa baraza amekuja kunipa mkono, ameniambia nimeipa sifa Iramba nzima, kisha akakumbuka, akasema, "Na pole kwa mama." Nilimwomba aondoke. Shangazi akanigombeza kwamba Nairobi imeniharibu adabu.

Nikasema nataka kunyolewa. Shangazi akasema haiwezekani, mambo hayo yana siku zake, na siku zimepita. Nikamwambia siku zangu hazijapita, zimeanza nilipoambiwa. Tukabishana uani mpaka majirani wakasimama. Mwishowe Debora aliingia ndani, akatoka na wembe na maji kwenye bakuli, akaniambia, "Kaa hapa, kaka." Akaninyoa peke yangu, jua la saa nne, hakuna wimbo, hakuna mtu mwingine anayenyolewa. Shangazi alisimama amekunja mikono. Kisha akaja akazizoa nywele kwa mikono yake mwenyewe, akaenda kuzifukia.

Ndipo Debora akanisimulia. Ni kifua, kilianza kama mafua, dawa ya misheni haikusaidia. Nikamuuliza kama uliniita. Nilitaka aseme ndiyo. Debora hajui kudanganya, ulimlea hivyo. Akasema hapana, ulimwita bibi, mama yako, na uliuliza kama mbuzi wamefungwa. Nimelikasirikia hata hilo, Mama. Unisamehe. Mtoto wako anasafiri milima na mbuga halafu anakuta umeuliza habari za mbuzi. Jana nilikwenda zizini kuwatazama hao mbuzi. Wamefungwa vizuri.

Juma lililopita meneja alituma mtu, karani wake mmoja wa pwani, kijana mwenye heshima, viatu vimejaa vumbi la Singida. Amesema wote wamenisamehe kwa ile jezi. Wamenisamehe! Nirudi, nitakuwa nahodha, nitapewa nyumba ya vyumba viwili. Nilimkaribisha, akala ugali wa uwele na mlenda, nikampeleka kaburini kwako. Nikamwambia, nitarudi siku Bwana Meneja atakapokuja hapa mwenyewe, avue kofia, akwambie wewe kwa mdomo wake kwa nini alinificha. Karani akatazama chini. "Kaka, unajua kabisa Bwana hawezi kuja mpaka huku."

"Basi na mimi siwezi kwenda mpaka kule," nikamwambia.

Lakini mpira siuachi. Baba mdogo anasema niuache kwa heshima yako, nilime. Nimekataa. Tayari wamenichukulia siku moja, hawawezi kunichukulia na miguu. Wale wa Kampala tuliowafunga wamesikia habari, wameniita, na nimekubali. Kabla ya kukubali niliwapa sharti, na wamenijibu kwamba wamelisikia: habari yoyote ya nyumbani kwetu naambiwa mimi kwanza, saa ile ile inapofika. Hata kama nimo uwanjani. Hata kama mpira uko miguuni mwangu na fainali imebaki dakika. Mjomba naye nimemfundisha. Nimemsimamisha hapa uani nikamwambia aseme hapana kwa sauti. Aliona haya, alicheka, akaisema kwa mdomo mdogo. Nikamwambia arudie. Amerudia mpaka kuku wamekimbia.

Kesho naondoka kwa lori la Singida. Nakuahidi kwamba Debora hatakosa sabuni wala nauli, na kwamba siku nitakayoitwa kwa ajili yake au kwa ajili ya Mjomba, nitatoka uwanjani nikitembea, hata wakinizomea.

Sitakuahidi kusamehe. Mchungaji asikudanganye huko uliko.

Kwaheri, Mama. Ndugu na majirani walikuaga pamoja, na nyimbo, na mimi sikuwepo. Kwa hiyo nimeinuka mlangoni na barua hii mkononi, nimekuja kusimama kaburini pako peke yangu, kichwa kipara, nakuaga kwa sauti kubwa, na wanaopita njiani wamesimama wananitazama. Waache wasikie.

Mwanao wa kwanza,
Yohana