Pleyi Kutoka Kasongo

Jumatatu, 9 Juni

Nimefagia chumba. Nimemwaga maji mlangoni vumbi litulie. Nimepanga viti vya plastiki safu mbili, nimefuta kioo cha tivi kwa shati langu la zamani. Halafu nimekaa kiti cha mbele kungoja wateja, ndipo nikakumbuka kwamba sina cha kuwachezesha. Pleyi yangu, mashini ya michezo ya tivi, ilikufa siku ya pili ya Idi, katikati ya mchezo, watu wamejaa mpaka dirishani. Jicho lake la kusomea diski limezima kabisa. Fundi wa pleyi hapa Kabambare ni mimi, na mimi nimeshindwa. Basi hakuna mwingine wa kuuliza.

Sina wasiwasi. Nitapata nyingine. Nataka ileile nyeusi nene ya zamani, si hizi mpya za matajiri zinazodai intaneti kila asubuhi. Ya zamani inavumilia vumbi, inavumilia batri yangu na plaka zangu za umeme wa jua. Na vijana wameizoea vidoleni.

Alhamisi, 12 Juni

Wamepita watatu, wamechungulia, wameondoka. Mmoja ameuliza kama nitageuza chumba kiwe duka la chumvi. Nimemwambia akirudi hapa atalipa mara mbili.

Wale wa Lusangi, kwenye machimbo, wametuma salamu. Nafasi yangu shimoni ipo, wananingoja mpaka trente juin, sikukuu ya uhuru. Ikipita, wanaweka mtu mwingine. Mwamini, mke wangu, amesikia salamu zote. Alitazama tu koleo langu la kuchimbia, pale linapoegemea nyuma ya mlango.

Najua anachowaza. Mwaka juzi udongo ulinifunika kule, wakanivuta kwa miguu. Nilipofika nyumbani aliniambia mara moja: nikirudi shimoni, yeye anarudi kwa mama yake. Mwamini harudii maneno. Kwa hiyo mambo yako wazi. Pleyi kabla ya trente juin, au shimo. Na shimo ni nyumba bila mke.

Hata mimi naliogopa lile shimo. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumamosi, 14 Juni

Habari njema! Idrisa wa pikipiki amerudi kutoka Kasongo. Kuna mama mmoja kule, karibu na soko, ana pleyi nyeusi nene. Mtoto wake amekwenda kusoma Kindu, mashini imebaki, mama anaiuza.

Idrisa ameniuliza kama nitaweza kupatana bei na mama mjane. Ameniuliza mimi! Nikienda kununua mbuzi, mwenye mbuzi anaanza kumwonea mbuzi wake aibu. Siri yangu ni kusema ubaya wa kitu kwanza, tena kwa sauti, mpaka mwenyewe akichoke. Kwa njia hiyo nilinunua tivi, nilinunua plaka, nilinunua hata mlango wa chumba.

Tunaondoka Jumanne.

Jumanne, 17 Juni

Tumefika Kasongo jioni. Meno yangu yote yapo, nimeyahesabu kwa ulimi. Kile si barabara, ni mashimo yaliyounganishwa. Mara mbili tumeshuka kusukuma pikipiki kwenye mchanga. Nimelala kwa binamu yake Idrisa. Kesho kazi.

Jumatano, 18 Juni

Nataka kuandika haraka kabla aibu haijanizuia.

Asubuhi Idrisa alinipeleka. Mama mnene, mchangamfu, jina lake Mama Salima. Alitukaribisha ndani, akatuwekea mkeka. Pleyi ilikuwa mezani, tayari imewashwa, imesimamishwa wima kati ya matofali mawili juu ya kitambaa cha kufuma. Nikacheka. Nikamwambia mama, mashini si chupa ya mafuta, mashini inalazwa, ukiisimamisha inakwaruza diski. Nikashika manete, kile kidude cha kuchezea, nikacheza mchezo mzima. Inasoma vizuri sana. Moyoni nilikuwa naimba.

Mdomoni nilikuwa naponda. Nilisema rangi imechakaa. Nilisema imejaa mende. Nilisema hiyo ni chuma cha kutupa mtoni Lualaba, na samaki wataikataa. Nilimkazia macho kila aliposema bei. Yeye naye hakuwa mchezo, alinijibu neno kwa neno, na tulifurahi wote wawili. Mwisho bei ikashuka pale nilipotaka. Tukapeana mikono.

Nikaichomoa, nikaanza kuifunga ndani ya blanketi. Mama akasema, “Baba, ngoja kwanza. Hii mashini iko na tabia yake moja...”

Nikamkata. “Mama, mashini ninazijua miye. Zote.”

Akatabasamu. “Aya. Na weye uko wa nani kule Kabambare?”

Nikasema ni Shabani, mume wa Mwamini. Akauliza Mwamini gani. Nikasema Mwamini wa Mama Sikitu.

Uso wake ulibadilika. Alivuta kitenge chake juu ya kichwa, akafunika macho, akainuka na kutokea mlango wa nyuma. Nikabaki nimeshika blanketi. Idrisa ndiye aliyeelewa kwanza. Mama Sikitu ana mdogo wake aliyeishi Kindu miaka yote, aliyerudi Kasongo baada ya kufiwa na mume. Nimemsikia mara nyingi. Sikuwahi kumwona, hata harusini kwetu hakufika.

Ni huyu. Mama mdogo wa mke wangu. Yaani mama mkwe wangu, mzima, hakuna nusu mkwe.

Kwetu mama mkwe humtazami usoni. Huketi mkeka wake. Ukimwona njiani unaingia kwenye majani apite. Mimi nimeketi mkeka wake, nimemkazia macho, nimemshika mkono, nimemwambia mashini yake imejaa mende. Na bei nimeishusha.

Niliweka pesa kwenye mkeka, nikaongeza zote nilizokuwa nazo mfukoni, nikabeba mashini nikatoka mbio. Idrisa alicheka mpaka akashindwa kuwasha pikipiki. Nilitamani nimpige.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefika nyumbani usiku. Nimeibeba pleyi mapajani njia nzima, bonde kwa bonde. Mwamini ameuliza nimenunua kwa nani. Nimesema kwa mama mmoja wa karibu na soko. Si uongo. Idrisa nimemwapisha.

Ijumaa, 20 Juni

Haisomi.

Jumapili, 22 Juni

Jana na leo nimeifungua mara nne. Jicho nimelisafisha kwa pamba na manukato ya Mwamini. Chumba kinanukia harusi, lakini mashini haisomi. Inazunguka, inakoroma, inaleta maneno mekundu. Nimebadilisha diski zote. Nimebadilisha batri. Nimeirudisha ndani ya sanduku langu la mbao lenye kufuli, pale ilipokuwa inalala ile ya kwanza, labda ijisikie nyumbani. Wapi!

Kasongo ilisoma. Niliona kwa macho yangu. Labda ni barabara. Lakini niliipakata kama mtoto mchanga.

Mimi Shabani, siwezi kushindwa na chuma. Kesho itasoma.

Jumanne, 24 Juni

Haikusoma jana. Haikusoma leo.

Nina hasira. Kimoyomoyo nimemwita mama yule mwizi, halafu nikaomba toba kwa kumwita mama mkwe mwizi. Kama angekuwa mtu baki, saa hii ningekuwa mlangoni kwake napiga kelele mpaka wasikie ng'ambo ya mto. Lakini nani amewahi kumshtaki mama mkwe wake? Wazee wataniuliza tu: ulimwonea wapi uso wake mpaka mkauziana? Nitajibu nini? Na nikimwambia Mwamini ampigie, lazima nisimulie yote, na mende ndani yake.

Nimetoa koleo nyuma ya mlango. Mpini umelegea. Nimeukaza. Mwamini alikuwa anachambua mchele, akaacha, akaniangalia, akaendelea kuchambua. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza.

Jumatano, 25 Juni

Leo mchana ameweka chakula, amekaa mbele yangu, amesema, “Baba Hawa, kuku iko wapi?”

Kuku gani?

“Ya kumupelekea mama mudogo. Ulimuketi mukeka, ukamutukana mashini, unawaza haya inaisha yenyewe? Miye nilijua tangu Ijumaa. Familia yote inajua. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe.”

Kumbe mama mdogo alimpigia dada yake siku ileile. Mama mkwe wangu mkubwa alicheka mpaka majirani wakaja kuuliza. Siku tano nimetembea mjini kifua mbele, na wakwe zangu wote wanajua habari ya mende.

Nikamweleza yote. Nikamwambia na lililobaki, kwamba haisomi, na kwamba Lusangi wananingoja, na kwamba sitaki kwenda. Hilo la mwisho sikuwahi kulisema kwa sauti. Mwamini hakucheka hapo. Akachukua simu, akanionyesha mlango kwa kidole, kwa sababu mkwe hakai pale mama mkwe anapoongea. Nikatoka, nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko. Akaweka sauti juu. Makusudi, namjua.

Sauti ya mama mdogo ikaja nzima nzima. “Nilitaka kumwambia, mwanangu. Akasema mashini anazijua yeye zote. Mutu anayejua zote utamwambia nini? Halafu kusikia ni mukwe, nikakimbia. Umwambie aisimamishe. Ile mashini ikilala haisomi, mutoto wangu aliisimamisha miaka yote. Ndiyo maana ya matofali!”

Wakacheka wote wawili kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa peke yangu na ukuta.

Niliingia chumbani, nikaitoa kwenye sanduku. Nikaisimamisha kati ya magoti yangu, kwa kuwa sikuwa na subira ya kutafuta matofali. Ikazunguka. Ikakoroma. Ikasoma.

Nimelia. Naandika hivyo hivyo.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekata kifuniko cha sanduku kwa msumeno. Mashini sasa inasimama, kichwa nje, kufuli miguuni.

Idrisa ameondoka na kuku wawili kwenda Kasongo. Mmoja wa mkeka, mmoja wa macho. Wa mende nimemwambia Mwamini tutamfikiria baadaye. Amesema mama mdogo ameulizia huyohuyo kwanza. Idrisa amebeba kuku wa tatu.

Wale wa Lusangi nimewatumia salamu. Nimesema wasiningoje.

Jumatatu, 30 Juni

Gwaride liliisha saa sita, na kuanzia hapo sikukaa. Watu safu mbili, watu dirishani, watu juu ya ndoo. Yule wa duka la chumvi alikuja. Amelipa mara mbili, neno langu ni neno. Mashini imesoma kutwa bila kikohozi. Wageni wanauliza kwa nini inasimama. Nawajibu kwamba hii ni aina maalumu, na inataka fundi anayejua. Mwamini aliyekuwa anauza mandazi mlangoni alisikia, akakohoa.

Nimechoka vizuri.

Jumanne, 1 Julai

Mama Salima yuko Kabambare. Idrisa alimleta juzi, amekuja kumwona dada yake. Kuku amepokea wote watatu, kwa hiyo haya imeoshwa. Sasa tunaweza kusalimiana, lakini kwa ukuta katikati.

Leo baada ya asri Mwamini alikuja kuniambia nitoke chumbani. Nikauliza kwa nini. Akasema mama mdogo anataka kuiona mashini yake. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nao wakaingia kwa mlango wa mbele. Nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikasikiliza.

Alikuwa hataki kuiona. Alikuwa anataka kucheza. Kumbe kila jioni alikuwa anacheza na mtoto wake, na mtoto alipokwenda Kindu hakuwa na wa kucheza naye, ndiyo maana akauza. Hakuweza kuitazama pale mezani. Hayo alimweleza Mwamini, nami nikayasikia. Nikakumbuka nilivyosema samaki wataikataa. Niliona vibaya sana.

Halafu nikasikia vijana wangu wanapiga kelele, mmoja baada ya mwingine. Aliwafunga wote magoli.

Jumatano, 2 Julai

Mama mdogo ameondoka alfajiri. Nilisimama nyuma ya nyumba nikamtakia safari njema. Akajibu, “Asante, mukwe. Uiangalie.” Nikasema nitaiangalia, mama.

Mwamini alimfungia mchele, chumvi na mafuta. Halafu alikwenda nyuma ya mlango, akachukua koleo langu la Lusangi, akampa Idrisa alifunge kwenye pikipiki. Alisema mama mdogo ana shamba la mihogo kule na hana koleo zuri. Hakuniuliza. Mpini nilikuwa nimeshaukaza.

Nimefagia chumba. Nimemwaga maji mlangoni. Nyuma ya mlango kuna alama tu ukutani, pale lilipokuwa linaegemea.